Masika ya Mwezi wa Saba

Kwa Dereva wetu, masika yalianza mwezi wa saba. Watu wengine wakati huo walikuwa wanahangaika na pamba yao. Barabara ya kwenda Ushirombo ilikuwa vumbi tupu, upepo wa kipupwe ulipasua midomo, na wingu hata la kusingiziwa halikuonekana. Yeye alitoka stoo ya hospitali na minyororo begani, akaitandaza juani na kuikagua pete moja baada ya nyingine. Ukimuuliza anafanya nini, alijibu bila kuinua kichwa, "Mvua inakuja." Ukimkumbusha kwamba mvua ni mwezi wa kumi na moja, alisema, "Ndiyo hiyohiyo ninayoisema," akaendelea na kazi yake.

Nilifanya naye kazi tangu miaka michache baada ya uhuru, nikiwa muuguzi mgeni mwenye viatu vyeupe, mpaka kipindi kile cha shida kilichofuata vita vya Kagera. Muda wote huo sikumwita kwa jina, wala sikumsikia mtu akimwita kwa jina. Alikuwa Dereva. Padre alimwita Dereva, wagonjwa walimwita Dereva, na mkewe akija gereji mchana alisimama mlangoni akasema, "Dereva, ugali unapoa." Naye alinilipa vilevile. Niliingia nikiwa Nesi, nikaolewa nikawa Mama Neema, nikapanda cheo nikawa Muuguzi Mkuu, lakini kwake nilibaki Nesi mpaka mwisho. Mwanzoni iliniudhi, baadaye nikaizoea, na sasa ningetoa kitu kikubwa niisikie tena.

Lazima nieleze mbuga, maana bila mbuga Dereva angekuwa mzee mmoja tu mkali wa magari. Hospitali yetu ya misheni ilikuwa upande huu, kwenye ardhi ya kichanga ambayo Wasukuma huiita luseni. Ng'ambo kulikuwa na vijiji vinne vya wakulima na wafugaji, na zahanati ndogo niliyokwenda kila baada ya wiki mbili. Katikati ilikuwa mbuga yenyewe, maili nane za udongo mweusi. Kiangazi udongo ule hupasuka nyufa za kumezea mguu wa mbuzi. Mvua ikinyesha siku tatu mfululizo, hugeuka kitu ambacho si udongo wala si maji, kinachoshika tairi na kuling'ang'ania. Chumba cha upasuaji kilikuwa upande wetu. Mwanamke wa ng'ambo akishindwa kujifungua, kama gari linavuka, anafika. Kama halivuki, anabebwa kwa machela kutwa nzima na zaidi, wanaume wakizama mapajani, na nimewahi kupokea machela ambazo sikuwa na la kuzifanyia. Jambo lenyewe lilikuwa hilo, na kila mtu pale hospitali alilijua.

Kwa hiyo kila mwaka, mwishoni mwa mwezi wa kumi, Mganga Mkuu alitoka ofisini na kumuuliza Dereva mbele ya watu wote, "Dereva, mwaka huu gari litavuka?" Naye alijifuta mikono kwa tambara, bila haraka, akajibu, "Litavuka." Hakusema Mungu akipenda, hakusema tutajitahidi. Waganga wakuu walibadilika watatu katika muda wangu, na swali na jibu vikabaki vilevile.

Sitaki kumpamba. Alikuwa mgumu, mchoyo wa maneno na mkali kwa abiria kuliko mwalimu wa hesabu. Ukibamiza mlango wa landrova ile alikushusha, ukaufungua na kuufunga tena taratibu mbele ya watu. Alimshusha hivyo mwenyekiti wa kijiji. Alimshusha mgonjwa mmoja wa henia, jambo nililomwambia waziwazi kwamba ni dhambi, naye akaniambia dhambi ni bawaba kuvunjika mwezi wa pili mahali ambapo hakuna bawaba nyingine. Mizigo aliipima kwa mkono. Mkaa alikataa, samaki wabichi alikataa, kuku alikubali, ila wafungwe miguu na wakae upande wa kushoto, na sababu ya upande wa kushoto hakuieleza kamwe.

Na mtu huyohuyo nyumba yake ilivuja. Hilo lilinichekesha na kunikasirisha kwa pamoja. Miezi mitano alilihudumia gari kwa ajili ya mvua, na mvua ya kwanza ikidondoka, paa lake la nyasi lilimwaga maji kitandani. Mkewe aliniambia siku moja tukichambua mchicha, "Nesi, mimi ningezaliwa landrova ningelala pakavu." Dereva alikuwa karibu na alisikia. Aliinuka, akatazama paa kwa muda, akasema, "Mwakani." Mwakani hiyo niliisubiri na mkewe miaka kumi na minne.

Minyororo ile ya magurudumu hakuipata dukani. Ilikuwa minyororo ya plau, ile ya kukokotea jembe la ng'ombe. Aliiomba kwa wakulima ikiwa vipande vilivyokatika, akavipeleka kwa mfua chuma, akasimama juu yake siku mbili akimwelekeza. Mwezi wa nane ilikuwa zamu ya umeme wa gari. Alikata mpira wa ndani wa tairi bovu, akaushona vifuko, akavijaza grisi, na kila plagi ikavishwa kifuko chake ili maji yasiifikie. Bomba la moshi aliliongezea kipande cha bomba la maji, likapanda juu nyuma ya gari hadi usawa wa paa. Watoto wa shule walilicheka. Baadaye waliacha, kwa kuwa waliliona likitoa moshi huku nusu ya gari iko majini.

Halafu kulikuwa na tumbaku. Waipa za gari letu zilikufa mapema, na mpya hazikupatikana. Dereva hakuvuta sigara wala hakunusa ugoro, lakini siku zote alikuwa na majani ya tumbaku chini ya kiti. Padre aliyanusa, na Jumapili akahubiri kirefu juu ya wanaoharibu mwili kwa moshi, macho yake yakiwa benchi la nyuma alikokaa Dereva. Dereva hakujitetea. Alingoja mvua ya kwanza, Padre akahitaji kwenda kigangoni, naye Dereva akamkalisha mbele. Kabla hawajaondoka alisugua kioo kwa jani la tumbaku, nusu ya upande wake tu. Mvua ikaja. Upande wa Dereva maji yaliteleza yakaondoka na barabara ikaonekana. Upande wa Padre haikuonekana hata pua ya gari. Walikwenda hivyo hadi kigangoni, na mwaka uliofuata Padre alipanda tumbaku nyuma ya nyumba yake na kumletea Dereva majani mwenyewe.

Mwezi wa nane huohuo alikwenda mbugani kwa miguu. Hilo ndilo wengi hawakulielewa. Alitembea maili zote nane na fimbo, akiipenyeza kwenye nyufa na kupima kina chake. Alishikilia kwamba ufa mpana wa kiangazi ndio tope refu la masika, na sikuona hata mara moja akikosea. Alikuwa na mahali saba pabaya, na kila mahali alipaita kwa jina la aliyekwama hapo. Kulikuwa na Kwa Mkaguzi, ambapo mkaguzi wa shule aliketi juu ya paa la gari lake tangu asubuhi mpaka jioni na mwamvuli wake. Kulikuwa na Kwa Bibi Harusi, ambapo lori la harusi lilizama na ndoa ikafungwa na bwana harusi asiye na viatu. Mahali pa saba, karibu kabisa na ng'ambo, yeye hakupaita kitu. Wanakijiji walipaita Kwa Dereva.

Habari ya Kwa Dereva nilipewa na mkewe, si yeye. Mwaka mmoja kabla sijafika aliitwa ng'ambo mwezi wa pili kumchukua mwanamke aliyekuwa na uchungu wa siku ya pili. Alikuwa dereva hodari, anayejiamini. Hakuwa na mnyororo wala jembe, alikuwa na gari jipya tu. Walizama pale wakirudi, wakakaa hapo mpaka siku ya pili yake. Mtoto alizaliwa garini amekufa, na mama akamfuata kabla watu wa kijiji hawajalitoa gari. Mkewe alisema Dereva alirudi nyumbani akalala siku mbili, siku ya tatu akaenda gereji. Tangu hapo hakupumzika mwezi wa saba hata mmoja. Nilipolijua hili niliacha kumcheka kuhusu paa.

Sasa nije kwenye mabua. Kitu ambacho Dereva alikitaka kuliko vyote ni kitu cha kutandika chini ya magurudumu kwenye mahali pale saba, kitu kirefu, kigumu, kisichozama. Matawi ya miiba yalitoboa matairi. Mbao zingeibiwa. Akaona mabua ya pamba. Baada ya mavuno yanang'olewa, ni magumu kama fito, na yako kila shamba. Ila yalikuwa mengi kuliko nguvu za mtu mmoja, akaenda kwa nsumba ntale wa kule ng'ambo, kiongozi wa vijana wanaolima mashamba ya watu kwa zamu. Nilikuwepo zahanati siku hiyo, nikawasikia.

"Mwadila, Deleva," akamsalimu nsumba ntale. Alikuwa kijana mrefu, mpole, ambaye hakupandisha sauti kwa sababu hakuhitaji.

Dereva akaeleza haja yake. Mafungu ishirini kila mahali, juu ya vichanja, mchwa wasiyafikie.

"Sisi hatumfanyii kazi mtu tusiyelima naye," nsumba ntale akasema. "Wewe unalima?"

"Ninaendesha gari."

"Hilo gari lina jembe?"

Vijana wakacheka. Dereva hakucheka, akauliza ni siku ngapi. Siku tatu, wakamwambia. Akachukua likizo, akavuka na jembe, akalima siku tatu kwenye mstari na vijana wa nusu ya umri wake. Alilima vibaya sana. Walimtungia wimbo kwamba gari lake lingelima vizuri zaidi likiwa limezimwa. Alirudi viganja vimechubuka, nikamfunga bandeji, na nilipomuuliza kama ilistahili aliniambia, "Mafungu mia na arobaini, Nesi." Aliwalimia siku tatu kila mwaka baada ya hapo, wala kulima kwake hakukuwa kuzuri zaidi.

Mwaka wa kwanza mafungu yalikaa kwenye vichanja vyake wiki moja tu. Sheria ilitaka mabua yote yang'olewe na kuchomwa kabla ya mvua, kwa sababu ya funza wa pamba, na Bwana Shamba wetu alikuwa mtu wa sheria. Alipita mbugani na baiskeli, akaona vichanja saba, akavichoma vyote kwa siku moja. Sisi tuliona moshi tukiwa hospitali. Nilidhani Dereva atampiga mtu. Alivaa shati safi akaenda ofisini kwa Bwana Shamba, nami nikamfuata kwa hofu.

"Nionyeshe huyo funza," Dereva akasema.

Bwana Shamba akachukua kitumba kikavu kilichobaki kwenye bua, akakipasua kwa kisu. Ndani mlikuwa na kifunza chekundu, kimejikunja, kimelala kinangoja msimu. Dereva alikitazama kwa muda mrefu.

"Una haki," akasema. Sijawahi kumsikia akimwambia mtu neno hilo, si kabla wala baada. "Sasa, huyu anaishi kwenye bua lenyewe au kwenye kitumba?"

"Kwenye kitumba hasa."

"Tukipukutisha vitumba tukavichoma, halafu bua tukalipitisha juu ya moto likababuka nje?"

Bwana Shamba alifikiri, akasema atakuja kuona kwa macho yake. Mwaka ule tulivuka kwa shida, kwa magunia na matete, na mara mbili tulilala njiani. Lakini mwaka uliofuata mabua yalipukutishwa, yakababuliwa, yakapangwa kwenye vichanja yakiwa meusi, na Bwana Shamba alikuja na kupitisha mafungu kwenye moto kwa mikono yake mwenyewe. Nadhani alikuwa hajawahi kufurahia kazi yake kiasi kile. Ajabu nyingine ni kwamba bua lililobabuka mchwa hawakulipenda.

Niwe mkweli pia juu yangu. Kati ya mahali pale saba kuna Kwa Nesi. Ilikuwa mwaka wangu wa tatu, tumeitwa ng'ambo, mama ana mapacha na wa kwanza ametanguliza mkono. Kabla ya kila mahali pabaya Dereva alishuka akapunguza upepo wa matairi, akavuka, akashuka tena akajaza kwa pampu ya mkono. Nilikuwa nahesabu dakika moyoni. Mahali pa nne nilimwambia, "Twende, Dereva, acha huo upepo!" Nilimwambia kwa sauti ya mtu mwenye cheti. Akanitazama, akawasha gari, akaenda. Tulizama mpaka kwenye vitasa vya milango. Niliruka chini nikaingia tope mpaka kiunoni, na kiatu changu kimoja cheupe kiko hapo mpaka leo. Tulitandika mabua, tulichimba, tulisukuma, na baada ya saa nne tukatoka. Mama tulimkuta bado anapigana. Pacha mmoja tulimpata, mmoja hatukumpata. Dereva hakunilaumu hata kwa jicho. Ila safari iliyofuata, tulipofika pale, alizima gari, akashuka na kuanza kupunguza upepo, akasema tu, "Hapa ni Kwa Nesi." Sikuwahi tena kumharakisha mtu anayejua kazi yake.

Katikati ya mbuga palikuwa na mkondo wa maji, na hapo aliogopa. Hakujua kuogelea, na hakuficha woga wake. Alikunja suruali, akatangulia kwa miguu na fimbo, akafika ng'ambo ya mkondo, akarudi. Alifungua bonneti akatoa mkanda wa feni, ili feni isiyarushe maji juu ya injini. Ndipo alipoingia. Mara moja mama mmoja nyuma alianza kusali kwa sauti, "Mungu tusaidie, Mungu tusaidie." Dereva akamwambia bila kugeuka, "Mungu alisaidia mwezi wa nane, mama. Sasa nyamaza nisikie injini."

Miaka ya mwisho ilikuwa migumu kwa kila mtu. Vipuri havikuwepo kabisa. Mkanda wa feni ulipokatika, wafugaji wa ng'ambo walimsukia mwingine kwa ngozi ya ng'ombe, na alitembea nao misimu miwili. Wachimbaji wa dhahabu walikuwa wameanza kumiminika, wanakwenda Bulyanhulu, wanarudi Katoro, na njia yao fupi ilikatiza mbuga yetu. Siku moja kundi lao lilimsimamisha, na mkubwa wao akafungua kitambaa akamwonyesha kipande cha dhahabu cha kumwondolea dhiki. Dereva hakukitazama. Aliwatazama mikononi. "Mna masepetu mangapi?" akauliza. Walikuwa nayo sita. "Pandeni," akasema. Walichimba mara tatu siku ile, kwa hasira na kwa ustadi, na dhahabu yao wakaondoka nayo. Mkewe alipoisikia habari hiyo alikaa chini akatazama paa.

Macho yalimshinda kabla ya miguu. Mtoto wa jicho alikuwa amemwingia pande zote mbili, naye akatuficha msimu mzima, akiendesha kwa kukumbuka. Siku aliposhindwa kuliona lango la hospitali alizima gari, akashuka, akanipa funguo mkononi. Hospitali ilimuaga kwa soda na kwa kiti cha mbele cha abiria cha landrova, kilichokuwa kimechakaa. Alihamia kwa binti yake, mwendo wa saa moja kwa baiskeli.

Dereva aliyemfuata alikuwa kijana mwema, mwangalifu, si mvivu. Alitazama mbuga, akatazama gari, akasema ukweli, "Gari ni hili moja tu. Likifia kule hatuna lingine." Mganga Mkuu aliniuliza mimi, kwa kuwa nilikuwa nimevuka mara nyingi kuliko mtu mwingine pale. Nilifikiri juu ya vipuri, juu ya wagonjwa wa upande huu, juu ya umri wangu. Nilikubali gari lisimame masika. Karatasi ilisainiwa na watu wawili, na mmoja ni mimi.

Misimu miwili ikapita hivyo. Nilikwepa kwenda kumsalimu Dereva misimu yote hiyo, nikijiambia nina kazi nyingi. Mwezi wa tisa wa mwaka wa tatu nikapanda baiskeli.

Nilimkuta nyuma ya nyumba ameketi kwenye kile kiti cha gari. "Shikamoo, Dereva."

"Marahaba, Nesi. Umekuja kwa baiskeli, na mnyororo wake unataka mafuta." Akaniuliza watoto, akaniuliza Padre, halafu akauliza alichotaka kuuliza. "Minyororo ya gari iko salama?"

Ningeweza kumdanganya, hakuwa na macho ya kunikagua. "Gari halivuki siku hizi, Dereva. Tuliamua lisimame masika."

"Nani aliamua?"

"Mimi na Mganga Mkuu. Nilisaini."

Nilingoja anifokee. Nilitaka anifokee. Mkono wake ulipapasa ukingo wa kiti, kisha akauliza kwa sauti ndogo, "Wangapi?"

Hakuhitaji kufafanua. "Wanne," nikasema, na hapo machozi yakanitoka, mimi ambaye sikuwahi kulia mbele ya mgonjwa.

"Kesho nipeleke mbugani," akasema.

Tulimfuata asubuhi na gari, kijana akiendesha. Dereva aliingia akafunga mlango taratibu. Niliogopa safari ile. Nilijua atakachokikuta ni vichanja vilivyooza na nyufa, na sikutaka avipapase kwa fimbo yake mbele yangu. Tulipokaribia Kwa Mkaguzi kijana alipunguza mwendo, akasema, "Mama, hivi ni vitu gani?"

Kichanja kilikuwa kimesimama. Miti yake ya panda ilikuwa mipya, na juu yake mafungu ya mabua yamepangwa, meusi, yamefungwa kwa kamba za katani. Niliyahesabu, nikayapata ishirini. Kwa Bibi Harusi palikuwa na ishirini mengine. Na kila mahali tulipofika ilikuwa hivyo.

Tulipofika Kwa Nesi, mtu mmoja alikuwa anakaza kamba kwenye kichanja. Nywele zake zilikuwa zimeingia mvi, lakini ule urefu na ule upole havikuwa vimebadilika. Nsumba ntale aligeuka akatutazama kana kwamba tumekutana naye juzi.

"Mwadila, Deleva. Mwaka huu mmechelewa."

"Tumechelewa," Dereva akasema.

Mimi sikuweza kunyamaza. "Baba, mwaka jana pia mlifunga?"

"Tulifunga. Na mwaka juzi. Mvua ilipokwisha tukapikia."

"Na gari halikuja!"

Akanitazama kwa upole, akaniita mama kwa Kisukuma. "Mimi habari za gari sizijui, mayu. Kazi yetu ni mabua."

Dereva alishuka. Alikifikia kichanja kwa fimbo, akaweka fimbo chini, akayapapasa mafungu yote ya juu, akavunja bua moja akalinusa. Viganja vyake vikawa vyeusi. Kisha akaita.

"Nesi."

"Naam."

"Minyororo iko wapi?"

"Stoo."

"Ina kutu?"

"Ina kutu, Dereva."

"Basi tuko nyuma miezi miwili," akasema, akamgeukia kijana pale aliposikia anapumua. "Fungua bonneti, mwanangu. Tuanze na plagi."

Kijana alinitazama mimi, kwa kuwa mkubwa wake nilikuwa mimi, na karatasi ilikuwa na jina langu.

"Fungua," nikamwambia.

Dereva alikuja hospitali kila siku kwa wiki sita, akiletwa na mjukuu wake kwenye kiti cha nyuma cha baiskeli. Alikaa kwenye ndoo iliyogeuzwa chini juu na kusema, na kijana na mimi tukafanya kwa mikono yetu. Alitukaripia wote wawili kwa usawa. Mganga Mkuu wakati huo alikuwa mpya, hakuijua desturi ya mwishoni mwa mwezi wa kumi. Siku ilipofika nilimfuata mwenyewe ofisini, nikamwomba atoke nje mbele ya watu aniulize kama mwaka huu gari litavuka. Alinitazama, akaona sitanii, akatoka, akauliza.

Dereva alikuwa pale kwenye ndoo yake, ameinamisha kichwa, anasikiliza. Nilijifuta grisi mikononi kwa tambara, bila haraka.

"Litavuka," nikasema.